"Mungu alitupa figo mbili, moja ni ya akiba": kikao cha ukoo kimenichagua mimi

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini, nauza kwenye duka la dawa muhimu. Kwetu ni Mpwapwa. Tumezaliwa wanne: dada mkubwa, kaka, mimi, na mdogo wetu wa kiume mwenye miaka 24. Nakuandikia kwa ajili ya kaka.

Kaka ana miaka 38. Alikuwa dereva wa lori, anatoa mahindi Kibaigwa anapeleka Dar es Salaam. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza, na kuanzia hapo ada, sare, nauli, hata godoro la bweni, vyote vilitoka kwake. Chuo nacho alinilipia yeye, mwaka wa mwisho aliuza pikipiki yake. Sijawahi kumsikia akinikumbusha.

Mwaka jana mwezi wa nane alianza kuvimba miguu. Tukadhani ni kukaa sana kwenye usukani. Ikafuata uso, akiamka macho yamefura. Chakula kikamshinda, usiku anajikuna mpaka anatoka damu, akitembea kutoka chumbani hadi bafuni anahema. Alipopimwa damu, kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, ilikuwa zaidi ya 1,100, na daktari akatuambia mwanaume mzima inatakiwa icheze kati ya 60 na 110. Altrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimesinyaa. Wiki hiyohiyo akawekewa mpira wa shingoni na kuanza kusafishwa damu. Sasa ana fistula mkono wa kushoto, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa ili mashine ipate pa kuvutia damu, anakwenda mara tatu kwa wiki, na kila akienda anakaa kwenye mashine kwa saa nne. Amehamia kwangu ili asisafiri kila mara kutoka Kibaigwa. Mkewe na watoto watatu wamebaki kule. Lori amepewa mtu mwingine.

Mwezi wa pili ukoo ulikaa kikao Mpwapwa. Dada mkubwa ana presha, mama ana kisukari, hao wakawekwa pembeni. Mdogo wetu akasema yeye hajaanza hata maisha, na kikao kikamwelewa haraka sana. Nikabaki mimi. Baba mdogo akasimama akasema, "Mungu alitupa figo mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Huyu kaka yako amekusomesha. Mpe akiba yako." Watu wakapiga makofi, shangazi. Mama hakusema neno, alikuwa anatazama viganja vyake. Kaka mwenyewe hakuwepo, ilikuwa siku yake ya mashine. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Waliniuliza nitakwenda lini kupima. Wanajua kundi langu ni O kwa sababu nimewahi kuchangia damu, kwao hilo limemaliza kila kitu.

Nina mchumba. Ng'ombe wanne kati ya wanane wameshafika nyumbani, na harusi tumeipanga mwezi wa kumi. Nilipomweleza alikaa kimya siku mbili, halafu akasema kwao wanauliza, mwanamke mwenye figo moja atabebaje mimba? Hakusema ataniacha. Hakusema pia kwamba hataniacha.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonishinda ni hili, na sijamwambia mtu yeyote.

Kaka alikuwa anasumbuliwa na mgongo kwa sababu ya lori. Kila akipita Dodoma alisimama dukani kwangu, nami nilimfungia diklofenaki. Miaka minne shangazi, bila cheti cha daktari, na nilimwongezea za njiani kwa mapenzi. Nilijua ana presha. Nilijua dawa za presha anameza siku kichwa kikimuuma tu. Siku daktari alipomuuliza kama kuna dawa ya maumivu aliyokuwa akiitumia mara kwa mara, kaka alijibu, "Kidogokidogo tu." Akanitazama, kisha akageukia ukutani. Sijui kama alikuwa ananilinda au alikuwa anachoka tu.

Naogopa kisu. Nikifikiria kukataa, nauona mkono wangu ukihesabu vile vidonge. Nikifikiria kukubali, nalia. Je, nikimpa figo nitakuwa nimelipa? Na nisipompa, mimi ni mtu wa namna gani?

Naomba usinitaje jina.
Msomaji wako, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Pole, na kaka yako mpe pole.

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla sijanywa chai. Juu juu unaniuliza utoe figo au usitoe. Lakini nikisikiliza vizuri nakusikia ukiuliza maswali mawili mengine: moja ni kama una haki ya kuogopa, la pili ni kama umemuua kaka yako kwa mikono yako. Kikao cha Mpwapwa hakikujua habari ya swali hilo la pili, kwa hiyo kila walichokisema siku ile kiliangukia kwenye kidonda wasichokiona. Ndiyo maana makofi yale bado unayasikia.

Nianze na neno la baba mdogo, kwa sababu limebeba mzigo mkubwa kuliko alivyodhani. Akiba. Ninamheshimu, naamini alikuwa anatafuta namna ya kumwokoa mtoto wa marehemu kaka yake. Ila mwili haukupangwa hivyo. Hakuna figo moja iliyo kazini na nyingine iliyokaa stoo kama gunia la mtama wa kusubiri njaa. Zote mbili zinafanya kazi muda huu unaposoma. Kila moja ni ya ukubwa wa ngumi, imejificha nyuma ya tumbo chini ya mbavu, na ndani yake kuna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, visivyoonekana kwa macho. Robo hivi ya damu inayosukumwa na moyo inapitia huko. Kwa siku nzima zinachuja majimaji kama lita 180. Wewe uliyewahi kuchota maji Mpwapwa, piga picha ndoo tisa za lita 20. Halafu karibu yote zinayarudisha kwenye damu, pamoja na sukari na chumvi unazozihitaji, na kuacha kama lita moja na nusu au mbili za mkojo, zenye taka na ziada.

Kuchuja peke yake si kazi yao yote. Ni figo zinazopima chumvi na potasiamu, zinazozuia damu isiwe na asidi nyingi, zinazosaidia kupanga presha, zinazoipa mifupa vitamini D iliyo tayari kwa matumizi, na zinazotuma taarifa kwenye uboho wa mifupa kwamba chembe nyekundu za damu zitengenezwe. Sasa rudi umtazame kaka yako. Kufura kwake ni maji na chumvi vilivyokosa pa kutokea. Kujikuna na kukosa hamu ya kula ni taka zilizobaki kwenye damu. Kuhema kutoka chumbani hadi bafuni huenda ni upungufu wa damu na maji kwenye mapafu kwa pamoja. Na wiki ina saa 168, mashine inamfanyia kazi saa 12 tu. Saa 156 zilizobaki anaishi kwa kujizuia.

Nimekaa kwenye yale mabenchi ya nje ya chumba cha kusafishia damu, nikimsubiri mtu wangu. Najua kiu ya Dodoma mwezi wa kumi na moja kwa mtu aliyeambiwa maji yake ya siku nzima yanaingia kwenye chupa moja ndogo. Kwa hiyo kabla sijaendelea: wewe unayelala naye nyumba moja, tayari unamtunza. Kikao kilihesabu figo, hakikuhesabu hilo.

Na kwa kuwa yuko jikoni kwako, niseme jambo la chakula, maana kwetu huku limejificha. Ubuyu una potasiamu nyingi sana, na ukwaju nao umo humo. Zabibu kavu, parachichi, ndizi na nyanya vilevile. Mtu ambaye figo zake hazitoi potasiamu, ikipanda inaweza kusimamisha moyo, wakati mwingine bila dalili ya kutosha ya kumwonya. Mlenda wetu tunauwekea magadi, na magadi ni sodiamu ileile inayomletea kiu na uvimbe. Simaanishi umnyime kila kitu. Muulizeni mtu wa lishe pale anaposafishiwa damu, ale nini, kiasi gani, kipikwe vipi.

Sasa vile vidonge.

Mwanangu, sitakwambia havikuhusika. Wewe umesomea dawa, ungejua nakudanganya. Diklofenaki na dawa za jamii yake huzuia kemikali zinazosaidia kuweka wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Kwa kijana mwenye afya anayemeza siku tatu, figo hustahimili. Kwa mtu mwenye presha, anayeendesha lori juani huku hanywi maji ili asisimame njiani, na anayemeza kwa miaka, ni hatari ya kweli.

Lakini jiulize na upande wa pili. Presha ambayo haitibiwi ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za figo kufa, sambamba na kisukari. Inaziharibu polepole na haiumi, ndiyo maana kaka aliona akimeza siku ya kichwa inatosha. Tena figo zikishaanza kuugua zenyewe hupandisha presha, kiasi kwamba mara nyingi haijulikani kilichotangulia ni kipi. Kuna watu wanaoanza na ugonjwa wa vichujio vyenyewe, usiohusiana na dawa wala presha. Altrasaundi ya kaka inaonyesha figo zilizosinyaa, maana yake jambo hili ni la muda mrefu. Haionyeshi ni la nani. Wewe ndiye uliyejiandikia hukumu, ukachukua sababu moja kati ya nyingi, ukaiita sababu pekee kwa kuwa ilipita mkononi mwako. Na ungekuwa umesema, "Kaka, sikuuzii mpaka upimwe," sina hakika asingekwenda duka la pili.

Hata tukisema vidonge vile vilichangia nusu, bado nina shida na neno lako "kulipa". Deni la namna hiyo linalipwa na nani akaridhika? Nimewaza ukiamka kutoka kwenye upasuaji, kovu ubavuni, na kaka yupo kitanda cha pili anakushukuru huku analia, naye hajui wewe ulikuwa unalipa. Shukrani ile itakuingia vipi? Na kama figo hiyo itakataliwa na mwili wake baada ya mwaka, utasema deni limerudi? Mtu anaweza kutoa figo kwa sababu anampenda ndugu yake, akatoa akiwa anaogopa, na akawa sawa. Kutoa ili hatimaye uruhusiwe kujisamehe ni jambo jingine, na ningependa ulitenganishe na lile la kwanza kabla hujapanda kitanda chochote.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako kimenishangaza. Katika yote uliyoniandikia, kaka yako hajasema neno lolote kuhusu figo yako. Kikao kilikaa siku ya mashine yake. Mdogo wenu alizungumza, baba mdogo alizungumza, wakwe watarajiwa wamezungumza. Mgonjwa hajaulizwa kama anataka, na kama anataka, kutoka kwa nani. Si kila mgonjwa wa figo anataka kupokea kutoka kwa mdogo wake. Wengine wanaogopa zaidi kumwona ndugu aliyekuwa mzima akilazwa kwa ajili yao kuliko wanavyoiogopa mashine. Huenda na yeye analala chumba cha pili akijiuliza atawazuiaje. Huenda anasubiri kwa hamu na anaona haya kuomba. Simfahamu. Wewe unamfahamu, na mnakula naye kila siku.

Tuje kwenye upimaji. Naona familia imelipokea kama hatua moja: ukienda kupima, umekubali. Si hivyo. Kundi O linakuruhusu kumpa mtu wa kundi lolote, lakini huo ni mlango wa nje tu. Wataangalia jinsi chembe zenu zinavyofanana. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kufanana kabisa ni moja kati ya nne, ingawa dawa za siku hizi zinaruhusu hata wasiofanana sana. Watachanganya damu yako na yake waone kama mwili wake unaishambulia. Watapima presha yako, sukari, protini kwenye mkojo, homa ya ini, VVU, watapiga picha figo na mishipa yake. Wengi huishia njiani kwa sababu ambazo hawakuzijua. Na katika kila hatua, hata asubuhi ya upasuaji, mtoaji anaruhusiwa kusema hapana. Omba uonwe peke yako, bila dada wala baba mdogo chumbani, na waambie watabibu ukweli kuhusu hofu yako na kuhusu kikao. Kazi yao ni pamoja na kuhakikisha hujasukumwa. Ukiwaambia huko faragha kwamba hutaki, unaweza kuwaomba waiambie familia neno moja tu, kwamba hufai kuchangia, bila maelezo. Wapo waliookolewa na mlango huo. Nakuonya tu kwamba ni siri ya pili juu ya ile uliyonayo, na wewe ndiye utakayeibeba ukimpikia kaka uji.

Vipi kuhusu hatari? Ni ndogo, lakini ipo, na mtu asikwambie haipo. Kati ya watu 10,000 wanaotoa figo, takriban watatu hufa kutokana na upasuaji. Ukipona, figo inayobaki hukua na kubeba sehemu ya kazi ya mwenzake, hadi ukawa na kama asilimia 70 ya nguvu uliyokuwa nayo mwanzo, na watu wengi wanaishi nayo maisha yao yote. Kijana aliyetoa figo kwa pacha wake Boston, Marekani, Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, aliishi hadi 2010, akiwa na miaka 79. Alisimuliwa sana kwa sababu ni habari njema, lakini wewe linganisha na hii: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulikadiria kwamba kati ya watoaji 10,000, kama 90 watapata kushindwa kwa figo katika maisha yao, ikilinganishwa na 14 kati ya watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Bado ni chini ya mmoja kwa mia. Ila wewe una mama mwenye kisukari, dada mwenye presha na kaka mwenye figo zilizokufa, na bado hujafika 30. Una miaka mingi mbele yako ambayo presha au kisukari vinaweza kukufikia. Hilo lizungumze na daktari kwa sauti, lisipitwe.

Na mimba. Mchumba wako ameuliza swali halali kwa njia iliyokuumiza. Wanawake waliotoa figo wanabeba mimba na kujifungua salama, walio wengi. Huwa wanashauriwa wasubiri miezi kadhaa, mara nyingi mwaka, baada ya upasuaji. Lakini utafiti wa Kanada uliochapishwa 2015 ulikuta presha ya ujauzito au dalili za kuelekea kifafa cha mimba kwa watoaji 11 kati ya 100, dhidi ya 5 kati ya 100 kwa wasiotoa. Maana yake ni kliniki ya mapema, kupima presha bila kukosa, na kujifungulia hospitali yenye wataalamu. Nenda naye akasikie hayo kwa daktari, ayabebe mwenyewe kwenda kwao. Jinsi atakavyosikiliza utajifunza kitu, na si lazima kiwe kibaya. Kimya cha siku mbili kinaweza kuwa cha mtu anayejiondoa, kinaweza pia kuwa cha mtu anayeogopa kukupoteza kwenye meza ya upasuaji. Ila harusi ya mwezi wa kumi na upasuaji havikai kwenye mwaka mmoja bila kubanana, hilo mliseme wazi.

Nadhani pia kikao kiliamini kaka akishapandikizwa amepona na kurudi kwenye lori kama zamani. Upandikizaji unafanyika nchini, Muhimbili tangu 2017 na hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, tangu 2018, kwa hiyo si habari tena ya lazima kwenda India. Na kwa mgonjwa anayefaa, kwa kawaida humpa maisha marefu na mepesi kuliko mashine. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, zile za zamani mara nyingi huachwa palepale. Lakini kila siku ya maisha yake atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae, na akiziruka, kama alivyoruka zile za presha, anaweza kuipoteza. Figo kutoka kwa mtu hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20, nyingine kidogo, nyingine zaidi. Nani atalipia dawa hizo mwaka wa tano, wa nane? Bima inabeba nini na haibebi nini? Kaka amebadilika kuhusu kumeza dawa, au wewe ndiye unayemkumbusha? Hayo yalistahili kikao kuliko makofi.

Ukikataa, hatakufa kesho. Kuna wanaoishi miaka mingi kwa kusafishwa damu, wakihudhuria bila kukosa na kufuata masharti. Ni maisha ya kubanwa na yana hatari zake, sitayapamba. Na wewe si mtu pekee duniani mwenye figo. Mdogo wenu wa miaka 24 hajaanza maisha, sawa, na wewe je, ulishayamaliza? Sisemi asukumwe kama ulivyosukumwa. Nasema swali lililoulizwa kwako lilikuwa la wote, pamoja na watoto wa baba wadogo na wa shangazi zako. Hata mke wa kaka, kitabibu, anaweza kufaa ingawa si damu moja. Mara nyingi mtu akisikia wengine wanne nao wamekwenda kupima, hofu yake hupungua na anasikia moyo wake mwenyewe unasema nini. Anaweza hata kugundua kwamba anataka.

Ile siri umwambie kaka? Nimeligeuza sana hili. Ukimwambia, kuna uwezekano akakasirika, au akamwambia mkewe na likafika Mpwapwa kwa sura nyingine, ukaitwa muuaji na watu wasiojua hata diklofenaki ni nini. Ukinyamaza, utaendelea kuishi na yule mtu aliyegeukia ukutani, ukimsoma mgongo. Kuna njia ya katikati: uanze kwa kumwambia mtu aliyefungwa na kiapo cha siri, daktari wa figo mwenyewe au mtoa ushauri wa hospitali. Daktari ana sababu ya kitabibu ya kujua dawa hizo, na anaweza kukujibu maswali ambayo mimi kwa barua siwezi. Halafu utaona kama bado una haja ya kumwambia kaka, na kwa maneno gani. Nakuuliza tu, unadhani yeye hajui? Alizimeza yeye. Alikutazama wewe. Kisha akasema "kidogokidogo tu".

Kuogopa kisu si dhambi, mwanangu. Mtu aliyekwenda bila kuogopa ningemuuliza kama ameelewa anachokwenda kufanya.

Kama utazungumza naye, usichague siku anayotoka kwenye mashine, huwa wamechoka sana na kichwa kinauma. Chagua ile siku ya katikati, jioni, jua likipoa. Usianze na figo. Anza na kumuuliza anakiwaza nini kikao cha Mpwapwa, maana hakuwepo. Nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akichukua muda.

Na nikuulize wewe unayewapimia wengine presha hapo dukani: ya kwako umeipima lini? Ipime wiki hii, uende na kipimo cha sukari na cha mkojo, kwa sababu yako mwenyewe, hata kama hutampa mtu yeyote chochote. Na atakayesimama kesho mbele ya meza yako ameshika kiuno, akitaka diklofenaki za mwezi mzima, muulize presha yake kwanza.

Niandikie tena.
Shangazi